TV ya dukani na TV ya ukumbini: mwongozo kamili wa kulinganisha picha kabla hujalipa

Malalamiko ni yale yale, iwe TV imenunuliwa Darajani, Mlandege au Chake Chake hapa Zanzibar: "Dukani ilikuwa inawaka, hapa imepoa." Mara nyingi TV haina kosa lolote. Kilichobadilika ni vitu vinne: mwanga wa chumba, mpangilio uliomo ndani ya TV yenyewe, picha inayoingia, na pahala anapokaa mtazamaji. Asiyevijua huchagua TV inayong'aa kuliko zote rafuni, kisha akaishi nayo miaka akitazama nyuso nyekundu na usiku wenye rangi ya majivu.

Dawa yake ni kuipeleka nyumba dukani: vipimo vya ukumbi wako, picha za aina unayotazama kila siku, na kiti. TV ikishafika nyumbani kuna kazi ya pili, kuuondoa mpangilio wa duka uliobaki ndani yake.

Duka linaifanya nini picha

Tuanze na mwanga. Ukumbi wa kawaida usiku, taa moja ikiwaka, huwa na luksi (kipimo cha mwanga) makumi kadhaa tu. Duka lenye tyubu nyeupe dari nzima huwa na luksi mamia, na karibu na mlango ulio wazi kwa barabara huwa zaidi ya hapo. Kwenye mwanga kama huo weusi wa picha hauonekani, kwa sababu kioo chenyewe kinarudisha mwanga wa taa. TV yenye weusi wa kweli na TV yenye weusi wa kijivu huonekana sawa, na kinachobaki kushindaniwa ni mng'ao peke yake.

Wenye viwanda wanalijua hilo. TV ikiwashwa mara ya kwanza huuliza itatumika wapi, nyumbani au dukani. Kwenye menyu utaona Home kwa nyumbani, na kwa dukani Store, Retail, Shop au Demo, kila chapa na neno lake. Ikichaguliwa ya dukani, taa ya nyuma ya kioo hupanda mpaka mwisho, picha huwekwa kwenye Vivid au Dynamic, na TV nyingi kila baada ya dakika chache hufuta mabadiliko yoyote aliyoyafanya mtu na kurudi zilipokuwa. Ndiyo maana unaweza kuirekebisha TV dukani, ukageuka kuuliza bei, ukirudi unaikuta vile vile.

Vivid ina madhara mengine. Weupe wake ni wa bluu. Filamu na vipindi hutengenezwa kwa weupe wa karibu kelvini 6500 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), lakini Vivid huweza kupanda mpaka 10,000 na zaidi. Weupe wa bluu ukiwekwa kando ya weupe sahihi huonekana msafi, na ule sahihi huonekana una manjano. Tena rangi huzidishwa na kingo za kila kitu huchorewa mstari. Embe litapendeza. Uso wa bibi harusi hautapendeza.

Jicho nalo hujirekebisha kwa kile kinachong'aa zaidi mbele yake. TV kumi zikipangwa ukutani, ile yenye mwanga mkubwa ndiyo inayogeuka kipimo, na nyengine zote huonekana zimefifia hata kama kila moja ingekutosha kabisa ikiwa peke yake.

Halafu kuna ile video ya maonyesho: samaki wa matumbawe, tunda linalokatwa, ua linalofunguka, vyote polepole na nyuma yake ni weusi mtupu. Faili kama hilo la 4K linaweza kubeba megabiti 50 kwa sekunde au zaidi. Chaneli ya HD ya dishi hupewa chache, mara nyingi chini ya 10, na chaneli isiyo ya HD hupewa kama 2 au 3. Mechi ya mpira ina nyasi, mashabiki maelfu na kamera inayokimbia, vyote vimebanwa ndani ya hizo chache. Video ya samaki haikwambii hata kidogo TV hiyo itaionesha vipi mechi.

Duka pia huweza kuidhulumu TV nzuri. Pahala pengi chanzo kimoja hugawanywa kwa TV nyingi kwa waya mrefu na kigawanyio cha bei nafuu, na picha hufika imechoka. Ukiona TV zote za rafu moja zina ukungu wa aina moja, laumu waya.

Kwanza pima ukumbi

Chukua tepu. Pima kutoka pahala kichwa chako kinapokuwa unapotazama mpaka pale kioo kitakapokuwa, sio mpaka ukutani. Nyumba za Mji Mkongwe zina vyumba vyembamba, upana wa kama mita 3, kwa kuwa sakafu na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba. Ukiweka TV ukuta mrefu, macho yanakuwa mita 2 na nusu au chini ya hapo kutoka kioo. Kwenye nyumba mpya za Fuoni au Tunguu kumbi za mita 4 au 5 ni jambo la kawaida. Hizi ni nyumba mbili zinazotaka TV mbili tofauti.

Jicho zima hutenganisha nukta mbili pale pembe kati yake inapofika sehemu moja ya 60 ya digrii. Kwa hesabu hiyo, haya ndiyo masafa ambayo ukisogea karibu zaidi unaanza kuona ulegevu wa picha (chaneli ya kawaida ni ile isiyo ya HD):

- Inchi 32: chaneli ya kawaida mita 2.4.
- Inchi 43: chaneli ya kawaida mita 3.2, Full HD mita 1.7.
- Inchi 55: chaneli ya kawaida mita 4.1, Full HD mita 2.2, 4K mita 1.1.
- Inchi 65: chaneli ya kawaida mita 4.8, Full HD mita 2.6, 4K mita 1.3.

Isome orodha hii taratibu, kwa sababu ndani yake mna fedha yako. Familia inayotazama zaidi chaneli za kawaida, ikikaa mita 2 na nusu, ikanunua inchi 65, itaiona kila kasoro ya matangazo kila siku, na hakuna mpangilio utakaoifuta. Kwa familia hiyo inchi 43 nzuri ni bora kuliko inchi 65 ya bei ile ile. Anayetazama filamu za 4K kwa intaneti kutoka masafa hayo hayo, inchi 65 inamfaa. Kumbuka tu kwamba Netflix, kwa mfano, inapendekeza intaneti ya megabiti 15 kwa sekunde kwa 4K na 5 kwa Full HD. Kama mtandao wako haufiki, unalipia 4K usiyoiona.

Pima na urefu wa macho. Anayekaa juu ya busati macho yake yako kama sentimita 75 au 80 kutoka chini. Wa kwenye sofa kama sentimita 100 au 110. Katikati ya kioo pakaribie urefu huo. TV nyingi zinatundikwa juu mno, usawa wa fremu ya mlango, na walio chini huitazama kwa pembe ambayo rangi zimeanza kufifia.

Mwanga upime kwa simu. Programu za kupimia luksi ziko nyingi na ni za bure, nyingi zinatumia kihisi cha mwanga kilicho juu ya kioo cha simu. Simama pale TV itakapokaa, elekeza uso wa simu kwenye viti, andika nambari saa 4 asubuhi, saa 10 jioni na saa 2 usiku. Nambari yenyewe si ya maabara, lakini simu ile ile ikipima nyumbani na dukani inakupa tofauti, na tofauti ndiyo unayoitaka.

La mwisho kabla hujatoka: angalia waya unaotoka kwenye king'amuzi. Kama ni ule wenye vichwa vitatu, njano, nyekundu na nyeupe, basi hata chaneli ya HD inafika kwenye TV ikiwa si HD. Nunua waya wa HDMI wa mita moja na nusu, uchomeke, ingia kwenye mipangilio ya king'amuzi, uweke 1080. Kuna wanaofanya hivi wakagundua kwamba TV yao ya zamani ilikuwa haina tatizo.

Tengeneza flashi yako

Flashi ya GB 16 au 32 inatosha. Iformati kwa FAT32, maana karibu kila TV huisoma. Kikomo chake ni faili lisilozidi GB 4. Weka haya:

1. Picha tupu za rangi moja, ukubwa wa 1920 kwa 1080: nyeusi, nyeupe, nyekundu, kijani, bluu, na kijivu tatu. Programu yoyote ya kuhariri picha inazitengeneza. Kijivu cha kati ni 128 kwa kila rangi, cha giza ni 51, na cha giza sana ni 13.
2. Picha ya mistari ya wima, ukubwa huo huo, mstari mmoja mweusi na mmoja mweupe, kila mmoja upana wa pikseli moja, yaani nukta moja ya picha.
3. Dakika mbili za video ya harusi iliyopigwa kwa kamera nzuri, yenye watu waliovaa kanzu nyeupe na mabuibui meusi. Hii ndiyo muhimu kuliko zote, na sababu yake itakuja mbele.
4. Video ya usiku. Forodhani inafaa sana: taa za wauzaji mbele, bahari nyeusi nyuma. Simu ina chengachenga zake gizani, lakini zitakuwa zile zile kwenye kila TV, kwa hiyo ulinganisho unabaki wa haki.
5. Video ya mpira uliyoipiga mwenyewe, 1080, fremu 50 au 60 kwa sekunde, ukiufuata mpira kwa kugeuza simu.

Video zote ziwe MP4 ya H.264, na kwenye simu uzime HDR (picha yenye mng'ao na rangi pana zaidi ya kawaida) kabla ya kupiga. Usipoizima, TV nyengine zitaonesha rangi zilizokufa na utaihukumu TV kwa kosa la simu.

Dukani, hatua kwa hatua

Nenda asubuhi ya siku ya kazi, muuzaji akiwa na nafasi ya kukusikiliza. Mwambie wazi: "Sheikh, nina nia ya kununua, ila naomba uitoe kwenye hali ya duka uiweke ya nyumbani." Muuzaji anayeijua kazi yake ataingia kwenye mipangilio, sehemu ya General au System, abadilishe, na haitachukua muda. Anayekataa kabisa amekupa taarifa ya kutosha.

Baada ya hapo zima kila kitu kinachoitwa Eco, Power Saving au kihisi cha mwanga. Chagua Movie, Cinema au Filmmaker Mode. Hiyo ya mwisho ilitangazwa mwaka 2019 na UHD Alliance kwa makubaliano ya makampuni kadhaa, na kwa sababu lengo lake ni moja kila chapa, ndiyo njia ya haki zaidi ya kulinganisha TV mbili za viwanda tofauti. Isipokuwepo, chukua Movie kwa zote mbili. Usilinganishe Movie ya hii na Vivid ya ile.

Omba TV za jirani zizimwe, au zifunikwe kwa katoni. Omba kiti. Kaa kwenye masafa yale uliyopima nyumbani, macho usawa wa katikati ya kioo. Kama TV iko juu rafuni, iombe ishuke. Kisha subiri dakika 5 bila kuhukumu. Mwanzo utaiona ya manjano na imepoa. Jicho likishazoea, manjano huondoka, na hapo ndipo unaanza kuona picha.

Chomeka flashi. Anza na kijivu cha kati. Tafuta mabaka kama uchafu, michirizi ya wima, au kona zilizo na giza kuliko katikati. Kasoro hii kwenye video ya samaki haionekani, lakini kwenye mpira kamera ikigeuka juu ya majani utaona kama kioo hakikufutwa. Kisha weka kijivu cha giza sana, ambacho hutoa michirizi iliyofichika. Rangi tatu na nyeupe ni za kutafuta pikseli iliyokufa. Sogea karibu, pitisha macho kona kwa kona.

Picha nyeusi inataka giza. Taa za duka hazitazimwa kwa ajili yako, kwa hiyo jifunike wewe na kona ya kioo kwa kitambaa kizito. Kwenye TV ya LED utaona mwanga unavuja pembeni. Kidogo ni kawaida. Doa jeupe kama la tochi si kawaida. TV ya OLED kila pikseli inajiwashia yenyewe, hivyo nyeusi ni nyeusi. QLED, pamoja na kufanana kwa jina, ni LED yenye taa ya nyuma, na uvujaji unaweza kuwepo.

Sasa hamisha kiti upande, pale anapokaa mtu wa pembeni kabisa nyumbani kwako. LED ziko za aina mbili kuu. Kioo cha VA kina weusi mzuri zaidi, kiasi cha 3000 kwa 1 na kuendelea (weupe ukilinganishwa na weusi), lakini rangi hufifia ukikaa pembeni. Cha IPS kina kama 1000 kwa 1, weusi wake ni wa kijivu usiku, lakini wa pembeni anaona karibu sawa na wa katikati. Ukumbi mwembamba ambao watu wamejipanga ukuta mzima unataka IPS au OLED. Chumba cha watu wawili wanaokaa mbele, wanaotazama usiku, kinataka VA.

Weka ile mistari, na kwenye mpangilio wa umbo la picha chagua Just Scan, Screen Fit au 1:1. Kioo cha Full HD au zaidi kitaonesha mistari iliyolingana. Ukiona mawimbi au mabaka mapana ya kijivu, kioo huenda ni cha 1366 kwa 768 hata kama stika inasema mengine. TV za majina yasiyojulikana huja na stika ya "4K" ikimaanisha tu kwamba zinaipokea picha ya 4K, si kwamba zinaionesha. Soma lebo ya nyuma, chukua nambari ya modeli, itafute kwenye tovuti ya mtengenezaji papo hapo.

Stika ya HDR nayo isikusisimue. Video nyingi za HDR zimetengenezwa kwa kilele cha niti 1000 (niti ni kipimo cha mng'ao wa kioo), na TV ya bei ya chini hutoa niti 200 mpaka 300. Inaipokea HDR, haina nguvu ya kuionesha, na matokeo yake mara nyingi ni filamu yenye giza kuliko ile ya kawaida. Kwa TV ya daraja hilo lipia kioo kizuri, si neno.

Malizia kwa harusi, Forodhani na mpira, kisha omba king'amuzi kichomekwe moja kwa moja kwenye TV unayoitaka, kwa HDMI yake peke yake, utazame chaneli unayoijua kwa dakika 10. Usiamue kwa picha za simu ulizotumiwa na ndugu aliye duka jengine: simu hurekebisha mwanga na rangi yenyewe, na TV mbili tofauti hutoka zimefanana.

Utakayopewa ni nyengine, iliyomo kwenye boksi. Vioo vya modeli moja hutofautiana, basi ifunguliwe, iwashwe, na urudie nyeupe, kijivu na nyeusi. Hapo hapo chukua risiti, andikisha nambari ya modeli na ya mfululizo, na uulize dhamana inatengenezwa wapi. Kama ni Dar es Salaam, uliza nani anagharamia boti. Anayenunua kuipeleka Wete au Mkoani alipate jawabu hilo kwa maandishi.

Ikishafika nyumbani

TV isafirishwe imesimama. Ikilazwa, kioo hujipinda kila gari linaporuka shimo. Ikitoka kwenye duka lenye kiyoyozi kuingia kwenye unyevunyevu wetu, iache saa moja kabla ya kuichomeka ili unyevu ulioganda ndani ukauke. Iweke ubavuni mwa dirisha; ikilikabili utaliona dirisha kwenye kioo, na dirisha likiwa nyuma ya TV litakuumiza macho.

Umeme kuwa mdogo haufifishi picha. TV ambayo lebo yake inasema volti 100 mpaka 240 hujirekebishia yenyewe ndani. Gadi ni ya lazima kwa sababu nyengine: kishindo cha umeme unaporudi baada ya kukatika, ambacho huua saketi ya umeme ya TV.

1. Chagua Home inapouliza. Kama uliyonunua ilikuwa ya maonyesho, irudishe kwenye hali ya kiwanda kwanza, kisha uchague.
2. Usiku, weka Movie au Filmmaker. Kwa mchana tumia Standard, lakini rangi ya weupe uiweke Warm.
3. Zima Eco na kihisi cha mwanga. Hiki ndicho chanzo cha kwanza cha "TV imefifia": taa ya ukumbi ikizimwa, TV nayo inajipunguza.
4. Taa ya nyuma, yaani Backlight, ndiyo pekee inayofuata mwanga wa chumba. Jaribu asilimia 30 mpaka 50 usiku, 80 mpaka 100 mchana. Kwenye baadhi ya chapa mpya jina Brightness limepewa taa hii, na weusi unaitwa Black Level; hakikisha unajua unagusa ipi. Kuipunguza kunaokoa na uniti zako za umeme za Tukuza.
5. Weusi, yaani Brightness, au Black Level kwenye chapa hizo mpya. Weka video ya harusi, ukumbi ukiwa giza, utafute buibui. Shusha weusi mpaka mikunjo ya buibui ipotee iwe kipande kimoja cheusi, kisha panda kidogo kidogo mpaka mikunjo ianze kuonekana. Simama hapo. Ukizidi, buibui linageuka kijivu na picha nzima inapata ukungu.
6. Contrast, yaani weupe. Sasa tafuta kanzu kwenye mwanga. Panda mpaka mikunjo yake na tarizi ya shingoni vifutike, kanzu iwe shuka tupu, kisha shuka mpaka tarizi irudi yote. TV nyingi hutulia karibu na 85 au 90 kwa 100.
7. Sharpness ishushe mpaka kingo za kanzu zipoteze ule mstari mweupe unaozizunguka. Chapa nyingi hutulia kati ya 0 na 10 kwa 100. Sony ni tofauti, kati yake ni 50.
8. Color iache ilipowekwa na Movie. Nyuso zikibaki nyekundu, punguza hatua 2 au 3. Usiguse Tint.
9. Zima Dynamic Contrast. Kipunguza chengachenga kizime kwa HD, kiwe Low kwa chaneli ya kawaida.
10. Mwendo. Samsung wanaita Picture Clarity au Auto Motion Plus, LG TruMotion, Sony Motionflow. Kikiwa juu, filamu huwa kama tamthilia ya bei rahisi, na mpira huvaa kivuli unapopigwa. Kizime kwa filamu. Kwa mpira jaribu Low.

TV nyingi huhifadhi mpangilio kwa kila tundu peke yake, na wa HDR huwa mbali na wa kawaida. Uliyoyafanya kwenye flashi huenda hayajafika kwenye HDMI 1 ya king'amuzi. Andika nambari zako kwenye karatasi, zunguka kila tundu uziingize. Hatua hii ndiyo inayosahauliwa kuliko zote.

Umbo la picha nalo. Zanzibar ina picha za televisheni za rangi tangu nusu ya kwanza ya miaka ya 1970, na kipande cha zamani cha taarabu au sherehe kikirushwa huja na umbo la 4 kwa 3. Kiache na weusi pembeni. Ukikinyoosha kijae kioo, unawanenepesha waimbaji.

Yanayokwenda mrama, na sababu zake

Weusi wa king'amuzi tu ndio wenye ukungu, wa flashi uko sawa: king'amuzi na TV hazijakubaliana kiwango cha weusi. Tafuta HDMI Black Level, ubadilishe kati ya Low na Normal, ubaki na ile iliyorudisha mikunjo ya buibui.

Picha inakatika vipande vya mraba: TV haihusiki. Ni dishi limesogea, kichwa cha waya kimeota kutu, au mvua. Karibu na bahari chumvi hula vichwa vya waya wa dishi. Fundi akivibadilisha, avifunge kwa mpira wa kuzuia maji.

Kifaa cha 4K kinatoa HDR lakini rangi ni hafifu: tundu la HDMI limefungwa kwenye kiwango cha chini. Samsung wanaita Input Signal Plus, LG HDMI Deep Colour, Sony Enhanced Format. Liwashe kwa tundu hilo.

Mchana huoni kitu, usiku ni nzuri: huo ni mwanga wa chumba. Vuta pazia zito kabla ya kupandisha Contrast, kwa sababu Contrast itakufutia tarizi bila kukuondolea mwanga wa dirisha.

Itazame siku tatu kabla ya kuamua lolote. Baada ya hapo, yanayostahili kurudishwa dukani ni haya: pikseli iliyokufa katikati ya kioo, doa la mwanga linaloonekana ndani ya filamu ya kawaida, mabaka yanayoonekana kwenye mpira kutoka kitini kwako, na kioo ambacho si cha kiwango kilichoandikwa. Nenda na risiti na flashi ile ile, kasoro ionekane mbele ya muuzaji kwa picha ya kijivu au nyeusi. Katoni na povu zake vihifadhi mpaka muda wa kurudisha upite, kwa kuwa bila hivyo TV haivuki bahari salama na duka huenda likaikataa.